Ubao Kando ya Jiko

Bomba la moshi la nyumba ya mwisho, kule barabara inakofia kwenye kinamasi, halitoi tena moshi. Kwa miaka sitini harufu ya mboji, ule udongo wa kinamasi unaokatwa, kukaushwa na kuchomwa kama kuni, ilipotoka pale asubuhi, watu wa kijiji cha Derrylahan walijua kwamba Colman Heavey ameamka. Siku hizi wanapita bila kuinua macho.

Colman alikata mboji hiyo tangu utotoni, kwanza kwa jembe pamoja na kaka yake Phelim, kisha kwa mashine za kampuni. Phelim alipokufa, alibaki na redio. Halafu, mwaka ule wa mvua, wakaja watafiti wa mambo ya kale, wanne, wakiongozwa na Sorcha Minogue. Kutwa walitembea kando ya mifereji wakikagua kingo zake, na walipoona ncha ya mti uliochongwa na watu wa zamani walichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Kila siku saa nne asubuhi walikuja kunywa chai kwa Colman. Akaanza kununua mkate wa zabibu.

Wiki ya tatu, vijiti vilikuwa vichache. Sorcha akamwambia kwamba wasipopata kitu cha maana kufikia Ijumaa wataondoka, na mashine zitaukwangua upande ule wote. Colman alisikia neno moja tu: wataondoka.

Jioni ile akaenda peke yake kwenye mfereji wa mbali, ambako ujanani jembe lake liliwahi kugonga mti. Akaufukua ubao wa mwaloni, mrefu kama mtu, wenye tundu la mraba mwishoni, laini kama jibini. Akausukuma kwa toroli hadi nyumbani, akauosha, akausimamisha kando ya jiko. Kitokacho kinamasini hukaushwa. Ndivyo alivyolelewa, hakujua vingine.

Kufikia Ijumaa ubao ulikuwa umejikunja na kupasuka, unamomonyoka sakafuni.

Sorcha aliingia, akauona, akakaa bila kuvua kofia.

"Umeukausha, Colman."

"Kwa moto mdogo, mwanangu."

"Ubao huu umekaa majini miaka elfu tatu, wewe umeumaliza kwa siku tatu. Hata mama yangu, anayeunguza kila kitu, hajafikia hapo." Hakucheka. "Kwa nini hukuniita?"

Colman angeweza kusema ni ubao wa Phelim, wa siku nyingi, yaishe. Alitazama vikombe vitano alivyokwisha kuvipanga mezani.

"Ningekuita, mngekwenda kule mferejini. Nilitaka uje uukute hapa."

Kisha akachukua kofia yake, akampeleka Sorcha na wenzake kule mferejini.

Chini ya pale alipoufukua ubao palikuwa na mbao nyingine, na nyingine mbele yake, zimelazwa ubavu kwa ubavu: njia nzima ya kuvukia kinamasi. Mashine zikazuiwa. Watafiti wakakaa hadi Oktoba, lakini mfereji ule uko mbali, na kutembea hadi kwa Colman kungewamalizia nusu ya asubuhi. Wakajenga kibanda hukohuko, wakanywa chai ya chupa. Sorcha alikuja mara moja, kuaga. Mkate wa zabibu ulikuwepo.

Colman sasa yuko kwenye nyumba ya wazee mjini, ghorofa ya pili. Huko wanapasha joto kwa gesi.