Mume Wangu Amenisamehe Kosa Nisilolifanya

Admin, jina langu lisionekane tafadhali, Tunduma yetu watu wanajuana mpaka kwa mwendo. Nina miaka thelathini na miwili, watoto wawili, nauza vitenge karibu na mpaka. Na mimi ni mlevi. Sasa hivi sinywi, huu mwezi wa saba, lakini nimefundishwa kulisema hivyo hivyo, na kwenu msionijua silionei haya.

Nilianza na kiroba kimoja cha pombe kali asubuhi, eti kwa ajili ya baridi. Nikafika vitano kabla ya saa nne. Nilivificha katikati ya vitenge, na siku nilipomkabidhi mteja kitenge chenye kiroba kimekunjiwa ndani, mteja mwenyewe mke wa mchungaji, nikajua nimekwisha. Nilikwenda zahanati. Nesi akaniambia, "Dada, hapa tunatibu malaria. Pombe unaacha tu." Ingekuwa ya kuacha tu ningemfuata yeye kufanya nini? Nikaanza kuwauliza madereva wa malori, kwa kuwa wao wanafika kote, mpaka mmoja akanielekeza kituo cha watu wanaoacha ulevi na madawa, alikopona mdogo wake. Soba, ndivyo wanavyokiita, mkoa wa mbali kabisa.

Mume wangu alinipeleka mwenyewe. Alisaini kama ndugu wa mgonjwa, akanikumbatia getini huku analia. Tulikubaliana nyumbani aseme nimekwenda Iringa kumuuguza dada yangu. Nilikaa miezi sita. Siku za familia kutembelea, wenzangu waliletewa watoto wao, mimi nilikaa kwenye benchi peke yangu. Akipiga simu anasema kazi zimembana. Nilimwamini, mjinga mimi.

Nimerudi wiki mbili zilizopita. Jirani muuza viazi akanisalimia Kibemba, lugha ya ng'ambo Zambia, "Muli shani, mama?" Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao, huku mpakani utani huo ni wa kila siku. Nyumbani binti yangu wa miaka kumi hakunipokea hata begi. Nilipomsogelea akaniuliza, "Mama, yule dereva Mzambia amekufukuza?"

Nilimgeukia baba yake. Hakukana. "Ningesema nini, mke wangu? Ya Iringa hawakuyaamini, na kwetu mama mlevi haachiwi watoto. Aliyetoroka akirudi, mume akisamehe yameisha." Eti alikuwa ananilinda! Kumbe kanisani wanamtolea mfano, mwanaume mwenye moyo. Mama mkwe kule Itumba anasema amezaa malaika. Miezi sita malaika amepikiwa, amefuliwa, amepewa pole, na mimi natetemeka na arosto ya kukosa pombe kitandani nikimwombea. Inaniuma jamani. Ningemfumania na mwanamke isingeniuma hivi.

Jumapili hii kuna kikao cha ukoo Itumba. Natakiwa nipige magoti mbele ya wazee niombe msamaha kwa kutoroka na mwanaume, na mbuzi wa msamaha nimtoe mimi. Mume ananibembeleza, "Dakika tano tu, mama watoto, tuyazike haya." Nikisema ukweli, cheti cha kituo ninacho, lakini mama mkwe atawachukua watoto. Sibahatishi, alishawachukua wa wifi yangu aliyekuwa anakunywa, mpaka leo hajarudishiwa. Nikipiga magoti watoto nabaki nao, ila binti yangu atakuwepo pale, atanisikia kwa masikio yake nikikiri kwamba nilimwacha nikamfuata dereva.

Jana nilisimama mbele ya duka la viroba kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Sikununua, lakini nilisimama.

Ndugu zangu, ninyi mngekuwa mimi mngeshika lipi: ukweli, au watoto? Nijibuni kabla ya Jumapili. Wa kuniambia nivumilie, naomba apite tu.