Nusu Ndoo ya Bluu

Bi Dobi alifua mashuka ya watu miaka arobaini, na weupe wake ulikuwa wa hatari: ndege wakipita juu ya kamba yake walifumba macho, wengine wakagonga ukuta. Lakini fahari yake haikuwa kambani. Ilikuwa ukumbini, sakafu nyekundu aliyoimwaga marehemu mumewe. Waliisugua kwa nta wawili wao, magoti chini, mpaka inzi akitua anateleza, anavunjika mguu.

Chini ya sakafu hiyo lilipita bomba la maji taka, toka chooni hadi chemba ya uani.

Bi Dobi alipoanza kukarabati choo, shemeji yake, mdogo wa marehemu na fundi bomba, alikuna kidevu.

"Shemeji, bomba hili lina umri kunizidi. Tukipanga vigae halafu lipasuke, utatulaani wote."

"Kwa hiyo unataka kuvunja sakafu ya kaka yako?"

"Sitaki. Nataka kujua. Tulipime."

Akaziba tundu la kutokea la chemba kwa matambara, akamimina ndoo moja ya maji, akakwaruza alama kwa msumari pale yalipofika, kisha akayaachia yaende, akaziba tena.

"Sasa wewe mimina ndoo moja chooni, na bluu yako ya kufulia ndani niyatambue. Yakifika kwenye alama, bomba zima, sakafu imepona. Yakipungua, yanavujia ardhini, navunja. Ndoo ijae, shemeji! Usiniletee ubahili wako."

"Ubahili umeuona wapi? Ondoka hapa!"

Bi Dobi akakoroga bluu. Ikatoka rangi tamu, ya kufulia bibi harusi. Yote hiyo iende chooni? Habari ya alama ilishaingia sikio hili ikatokea lile. Yeye alijua fundi anatafuta rangi tu. Mkono ukamimina nusu. Nusu nyingine akaisukuma nyuma ya mlango, ya kusuuzia mashuka.

"Umemimina?" fundi akaita toka uani.

"Mpaka tone la mwisho!"

Baadaye fundi akaja taratibu, kofia mkononi.

"Pole, shemeji. Maji hayakuifikia alama. Linavuja."

Bi Dobi akaitazama sakafu yake. "Basi vunja. Ila ngoja nitoke."

Akaenda uani kusuuza, akipiga mashuka maji kwa nguvu ili asisikie sururu. Aliisikia. Kila pigo lilimpata gotini.

Jua lilipokuwa utosini, fundi akatoka, mwekundu kwa vumbi.

"Ajabu, shemeji. Udongo mkavu kama unga. Bomba halina hata ufa." Akainama kunawa kwenye ndoo iliyokuwa karibu, akasita. "Bluu hii umeitoa wapi?"

Bi Dobi akaitazama ndoo, akayatazama mashuka yanavyong'aa, akajiziba mdomo. Shemeji akayafuata macho yake, akaelewa.

"Ungeniuliza mara mbili," Bi Dobi akanong'ona.

"Ningekuuliza, ungesema tena umemimina yote."

"Ningesema."

Bomba wakaliacha palepale. Fundi akamwaga saruji mpya, nyekundu vilevile, akainyoosha kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo kwa kaka yake. Bi Dobi anaisugua kwa nta kila asubuhi, magoti mawili badala ya manne.

Inzi siku hizi akitua hapo, anasimama imara, anafikicha mikono.