Santuri ya Jirani

Juzi nilishuka stesheni ya Doonside, rafiki yangu, nikatembea hadi mtaa wetu wa zamani. Nyumba yetu haipo, ya jirani haipo. Zimejengwa mpya, zimebanana ukuta kwa ukuta.

Utotoni Jumamosi ilikuwa siku ya sombe, kisamvu cha kwetu. Koko, nyanya yetu tuliyekuja naye ugenini kutoka Bukavu, alikoroga, nami nikasugua masufuria kibarazani. Ndipo jirani, mzee Mzungu aliyeishi peke yake, alipoweka santuri yake, ileile kila wiki: magita ya kukwaruza, ngoma kama mlango unaopigwa teke, na umati ukiliita kwa sauti jina la nchi hii.

Mara ya kwanza koko alizima jiko. "Serikali imeanguka. Mujaze maji!" Kwetu, redio ikishinda inaisifu nchi, ujue wanajeshi wameshaingia ikulu. "Redio ikiimba kutwa, funga mlango," ndivyo alivyotulea.

Nikatumwa kuuliza. Jirani alicheka, kisha akaacha kucheka. Hizo, alisema, ni nyimbo za malalamiko ya watu kama yeye: waliunda magari kiwandani, wakaambiwa nchi hii ni yao, halafu kiwanda kikafungwa.

Nilipomweleza koko, nilidhani atatulia.

"Analaumu nchi yake kwa sauti hiyo, na hakuna anayemukamata? Basi huyo ni mpelelezi. Anatutega tuitikie."

Tukakatazwa hata kutikisa kichwa. Malimau ambayo jirani alituwekea juu ya uzio yalioza palepale. Lakini kila Jumamosi koko alisimama nyuma ya pazia, akisikiliza. Kiingereza hakujua, ila wimbo upi unafuata upi, alijua.

Jumamosi moja, kimya. Sombe ikaiva, bado kimya.

"Mpelelezi hanyamazi bure," alisema, akavaa kandambili, akatoka. Nikamfuata. Tulimkuta jirani sakafuni jikoni, nyonga imevunjika, sauti imemkauka kwa kuita. Koko aliketi chini, akakipakata kichwa chake, akanifokea: "Piga simu! Unaangalia nini?"

Mzee alipona, ila binti yake alimhamishia kwake Guildford, na santuri ikaenda naye. Koko hakuwahi kukubali kwamba alikosea. "Sikumuamini hata kidogo," alisema mpaka alipofariki. "Ndiyo maana nilikuwa namusikiliza."

Sasa naishi Rooty Hill. Majirani zangu ni watu wema, tunapungiana mikono. Sijui wanapenda muziki gani, wala wao hawajui wangu. Siku nikianguka jikoni, sidhani kama yupo atakayeshuku.