Hodi za Kompyuta

Shangazi huyu wa "chukua tu, mwanangu," ambaye nusu ya sufuria zake zimehamia kwa majirani, kanogewa. Mpwa wake kamwekea ukuta wa moto kwenye kompyuta ya sebuleni, mlinzi asiyeruhusu programu ngeni kupita bila kumuuliza mwenye nyumba. Kila ikibisha moja, anavaa miwani na kuikaripia skrini, "Wewe nani, na nani kakutuma?" Kisha anabonyeza "Kataa" kama anaua mbu. Kisanduku cha "Usiulize tena" hakigusi, maana utamu ataupata wapi? Leo kabisha jirani. "Hodi, shangazi. Naomba kuazima pasi yako tena." "Nimekataa," akajibu bila kugeuka. Alipoisikia sauti yake mwenyewe aliziba mdomo, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Halafu akachora alama ya vema hewani. "Na usiulize tena."