Kuvuka Tana Kuteka Maji ya Kupimwa

Siku ile tulikuwa watu watano: mimi, mdogo wangu Komora aliyekuwa mwanafunzi wa sayansi chuo kikuu, mwalimu wake Bi Wanza, Mzee Jilo mwenye mtumbwi, na Mama Halima, mfugaji Mworma aliyetupokea ng'ambo ya mto.

Mafuriko yalikuwa yamepungua, lakini watu waliendelea kuumwa matumbo. Komora alitakiwa kuteka maji ya kupimwa, na mwalimu angemtazama siku hiyo tu aamue kama anaiweza kazi. Nami nilihitajika kwa kuwa nakijua Kiorma. Wazazi walipofariki niliacha shule nikawa nawauzia Waorma ndizi, ndizo zilizomsomesha.

Asubuhi tuliondoka kijijini Ngao. Mzee Jilo akamtania Komora huku akisukuma mtumbwi kwa upondo.

"Umesoma hadi chuo kikuu uje kuteka maji? Mke wangu anateka kila siku na hajapewa cheti."

"Yeye huyanywa, mzee. Mimi nayahoji."

Ng'ambo, wanakonyweshea ng'ombe, nilimtazama Komora nikasahau jua. Aliosha mikono, akaelekeza mdomo wa chupa kule maji yanakotoka, akaiinua na kuifunga bila kugusa ndani. Mikono ile niliifundisha jembe. Huu utulivu sikumfundisha mimi.

Adhuhuri tulikunywa maziwa kwa Mama Halima. Tulipoinuka, Komora alishika chupa moja, akaiinua kwenye mwanga. Maji yalikuwa meupe. Mama Halima alikuwa ameyamwaga yale ya mto na kujaza yake, aliyoyatuliza mtungini.

"Mgeni aondoke kwangu na matope?" akasema. "Watu watasemaje?"

Bi Wanza alikuwa akifunga viatu, hakuona. Nikamtazama Komora.

"Dada, mwambie ahsante," Komora akasema. "Maji yake ni mazuri, ila leo nilitaka yale mabaya." Kisha akamgeukia mwalimu, akamweleza yote.

"Gari la kupeleka chupa maabara halitatungoja Garsen," mwalimu akasema.

"Basi nakwenda mbio."

Akarudi mtoni na chupa za akiba. Moja ya maji meupe akaibakisha, akaiandika jina la Mama Halima.

"Jibu la maji yangu mtaniletea?" mama akaniuliza. Nikasema ndiyo.

Wakati wa kurudi, mtumbwini, Bi Wanza alisema, "Kuteka maji nitamfundisha yeyote. Hili lingine ametoka nalo nyumbani." Nikatazama mto. Kumbe elimu niliyoiacha ina kitu ninachokijua.

Komora alifaulu, na jibu limefika: maji yale meupe nayo yana vijidudu, yachemshwe. Lakini mvua zimerudi, mto unakula kingo, na Mzee Jilo hathubutu kuvuka. Kila asubuhi nashuka kuutazama. Mama Halima bado ananidai.