Went Aliyehamia kwa Go

Nakumbuka siku moja ya likizo, mwanangu, miaka ya tisini, nilifika shambani kwetu Mchombe na begi la bweni, nikamkuta Adela juu ya dungu langu, kile kichanja cha kulindia ndege wasimalize mpunga. Adela alikuwa binti wa marehemu shangazi. Baba alimchukua kutoka Mahenge nikiwa shuleni. Hata kombeo aliloshika lilikuwa langu. Wivu ulinikaba, sisemi uongo.

Jioni mama akatwanga pepeta za kwanza za msimu, ule mpunga mchanga uliokaangwa. Kwetu konzi ya kwanza hupewa mlinda ndege, na miaka yote ilikuwa yangu. Baba akampa Adela.

“Huyu si wa nyumba hii,” nikasema. “Kwao Mahenge.”

Mama aliacha kutwanga. Baba, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza, hakunifokea.

“Msomi, ‘go’ ikiwa jambo la jana, unasemaje?”

“Went.”

“Zinafanana?”

“Hapana, baba.”

“Went alizaliwa nyumba nyingine, ya wend, neno la zamani la kushika njia. Go alikuwa na neno lake la jana, likapotea. Waingereza wakamchukua went, wakamweka hapo. Yupo anayemwambia leo arudi kwao? Na wend naye akapata mwingine, wended.”

“Lakini mahali ni pa go!”

“Na go yupo palepale. Wewe, binti yangu, kuna aliyekufuta?”

Adela hakula, alinimwagia nusu ya pepeta kiganjani. “Dada, kesho tupande dunguni wote. Ndege wa upande wa mto wananishinda.”

Tulipanda wote. Wivu haukuisha siku ile. Hata leo mtu akisema Adela anacheka kama baba, moyo unanichoma. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu nakijua.

Jumamosi, mwanangu, analetwa binti yake Adela, asome hapa Ifakara, alale chumbani kwako. Nimeona ulivyonuna, ukatandaza nguo zako kabati zima. Kutoa ni moyo. Mwachie nusu kabla hajaomba, na wivu ukikuzidi njoo uniambie mimi, usimwambie yeye kwao ni wapi. Mungu akukuze, akupe moyo mpana kuliko hicho chumba, na siku utakapokuwa mgeni kwa watu, ukute kabatini wamekuachia nafasi.