Taa Ilipowaka Nikadhani Nimemaliza

Siku ile siwezi kuisahau, mwanangu, hata nikitaka, kwa sababu mke wangu hunikumbusha kila anapokaanga yai. Ilikuwa Jumapili asubuhi hapa Bariadi, mvi zangu hazijaota, na nilikuwa na hakika kwamba mtu aliyemaliza kidato cha nne hana haja ya fundi.

Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Ipililo na kapu mapajani. Ndani yake kulikuwa na mayai thelathini na mawili, yamelazwa kwenye pamba ya shambani kwake. Kicheche aliingia bandani akaua kuku wote, wale wa madoadoa ambao mbegu yao alipewa na mama yake alipoolewa. Mayai hayo ndiyo yaliyobaki. Akasikia mkwe wake ana mashine ya kutotolesha vifaranga, basi akaniletea. Fikiria uzito huo: ukoo mzima wa kuku mikononi mwa mtu ambaye hata baiskeli yake hutengenezewa na mkewe.

Mashine ilikaa chumba cha wageni kwa kuwa hakipitishi upepo, na mama mkwe naye akalala humo humo ili awe karibu na mayai yake. Sasa hapo ndipo pagumu. Kwetu Wasukuma, mkwilima, yaani mkwe wa kiume, haingii chumba alichomo mama mkwe, wala hawaketi wakazungumza uso kwa uso. Ukimwona njiani unachepuka. Kwa hiyo mashine ni yangu, mayai ni yake, na mlango uko katikati yetu.

Siku ya kumi, themostati ikafa. Ni kile kidude kinachopima joto, kikiona limepungua kinawasha taa za kupasha, likitosha kinazizima. Hicho cha zamani kiling'ang'ania, taa hazizimiki. Mke wangu aliliona hilo akiwa anajiandaa kwenda kanisani na mama yake, akaniambia nimwite fundi. Nikamwambia aende tu akaimbe. Kipya nilikuwa nacho, kilishakaa kabatini mwezi mzima kikisubiri nipate ujasiri. Na kumfuata fundi ni kutoka nje, na mimi kutoka nje sikupendi. Kwangu mimi, kufika sokoni ni sawa na safari ya Mwanza.

Nijipe sifa kidogo, maana hapa mbele hazipo. Plagi niliichomoa. Kila waya niliuwekea kipande cha plasta na kuandika ulikotoka kabla sijaufungua. Nikaunganisha kipya, nikakaza skrubu, nikaweka joto linalotakiwa, thelathini na saba na nusu. Nikachomeka plagi. Kioo chake cha namba kikasoma thelathini na nane na kidogo, taa zikawaka zote. Nilifurahi, mwanangu, nikajipigia makofi. Karatasi ya maelekezo iliyokuja nacho nikaiangusha sakafuni bila kuikunjua, nikafunga mlango, nikaenda kukaa kwenye kochi langu.

Lakini mtu mwenye akili angejiuliza: joto limeshapita kiasi, hizi taa zinawakia nini?

Mama mkwe akarudi peke yake, mke wangu amebaki kwenye mazoezi ya kwaya. Akaingia chumbani kupumzika. Haukupita muda mrefu nikamsikia anatoka kwa mlango wa uani, na pale uani tulikuwa na mbuzi kafungwa kwenye nguzo. Akaanza kuongea na mbuzi, taratibu, kwa sauti ya kufika dirishani kwangu.

"Wewe mbuzi, mimi sikusoma. Ila kuku wangu mayai yakipata moto alikuwa anainuka. Huyu kuku wa mwenye nyumba hajui kuinuka."

Nilicheka. Halafu nikainuka kwenye kochi.

"Mayai nimeyatoa," akaendelea kumwambia mbuzi, "yako kwenye pamba. Na ile karatasi nimeiokota, nimeiweka kizingitini. Kitu kikija na karatasi, ni ya kusomwa. Mimi naenda kwa jirani."

Nikasubiri nisikie nyayo zake zimetoka kabisa, ndipo nikakimbia. Kioo kilikuwa kinakaribia arobaini na taa bado zinawaka kwa furaha. Nikachomoa plagi, nikakunjua karatasi. Kumbe kidude kile kinafanya kazi mbili. Unaweza kukifunga kwenye kitu cha kupasha au kwenye kitu cha kupoza, na lazima ukiambie ni ipi. Changu kilitoka kimewekwa upande wa kupoza. Kila joto lilipopanda, chenyewe kiliwasha kikidhani kinawasha feni. Mimi nilikuwa nawapika vifaranga ndani ya maganda yao wenyewe.

Nikakibadilisha. Nikachomeka, taa hazikuwaka. Safari hii sikwenda kwenye kochi. Nilivuta kigoda nikakaa mbele ya mashine. Joto likashuka polepole, kikalia tik, taa zikawaka. Likapanda, tik, zikazima. Nilihesabu mara tatu. Sijawahi kupenda sauti kama ile.

Mke wangu alinikuta hapo hapo kigodani, akauliza kama ni mimi ninayeatamia. Mama yake akarudi, nami nikatoka. Baadaye nikaambiwa aligusisha kila yai kwenye kope za macho yake kusikiliza joto, ndipo akayarudisha moja moja. Hakuna aliyejua kama yako hai. Siku kumi na moja nilikula bila kusikia ladha.

Wakatoka ishirini na saba, wana madoadoa kama bibi zao. Nikiwa sebuleni nikasikia uani: "Mbuzi, mwambie mwenye nyumba ana akili. Shida ni kwamba inachelewa kufika." Nilifunika uso kwa mto, nikacheka mpaka machozi, na sehemu ya machozi hayo haikuwa ya kucheka.

Sasa wewe, mwanangu, unatengeneza vitu vyako kwa kutazama simu, na sikukatazi. Zima umeme kwanza, weka alama kwenye nyaya, soma karatasi hata kama umesoma kunizidi. Lakini zaidi ya yote, kitu kikiwaka usijipigie makofi. Kaa hapo mpaka ukione kinazima chenyewe. Na aliyeishi na jambo hilo maisha yake yote, hata kama desturi imeweka mlango kati yenu, mtafutie njia akuambie.

Mungu akupe mikono iliyotulia, nyumba yenye joto la kiasi, na masikio ya kusikia hata anayoambiwa mbuzi.